Kikombe cha Maji Matupu: Namna ya Kupima Athari za Vimiminika kwa Viluwiluwi wa Mbu

Kwenye maonyesho ya sayansi ya shule hakukosi meza yenye wadudu ndani ya makopo na chupa tatu nne pembeni: sabuni, siki, mafuta, pengine maji ya pilipili. Mwanafunzi anaeleza kwa kujiamini kwamba sabuni iliua siafu wote. Jaji anamuuliza swali moja: wale ambao hawakumwagiwa kitu, walikufa wangapi? Mwanafunzi anakwama, kwa sababu hakuna aliyewaweka.

Inauma kuona kazi ya wiki nzima ikianguka kwa swali hilo, kwa kuwa jaribio lenyewe ni zuri. Halihitaji maabara ya kisasa, linagusa maisha yetu, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kulifanya kwa kiwango ambacho hata mtaalamu wa wadudu atakiheshimu. Linachodai ni mpangilio na uaminifu katika kuhesabu.

Kwa mdudu wa kufanyia kazi, ushauri wangu ni kiluwiluwi wa mbu. Siafu na mende ni wagumu: wanakimbia, wanajificha, na haijulikani kila mmoja amepata matone mangapi ya dawa. Kiluwiluwi anaishi ndani ya kimiminika chenyewe, kwa hiyo kila aliyemo kwenye kikombe anapata kilekile. Haumi. Anapatikana karibu kila mtaa. Tena, swali la nini kinamuua lina uzito kwetu sisi tunaoishi na malaria, dengi, matende na mabusha. Nyuki, vipepeo na wadudu wengine wanaochavusha mashamba yetu waacheni. Hakuna sababu ya kuwaua kwa ajili ya alama za darasani.

Kabla ya kumwaga chochote, mtazameni kwanza. Wekeni viluwiluwi wachache kwenye chupa angavu mbele ya dirisha na mkae nao nusu saa. Mbu wa Culex na Aedes wananing'inia kichwa chini, mkia juu, na kwenye ncha ya mkia kuna mrija mfupi unaogusa uso wa maji. Huo ndio mrija wa kupumulia. Anofelesi, yule aenezaye malaria, hana mrija huo, hivyo analala sambamba na uso wa maji ili matundu yake ya kupumulia yafike hewani. Kivuli cha mkono kikipita, wote wanajinyonganyonga na kuzama, kisha baada ya muda wanapanda tena mmoja mmoja. Mdomoni mna vishungi vya nywele vinavyopepea bila kupumzika vikikusanya chakula majini. Mwanafunzi aliyeyaona hayo kwa macho yake anaweza kukisia mwenyewe kwamba kuna njia zaidi ya moja ya kumuua kiumbe huyu: kumziba pumzi, kumfanya ashindwe kushika uso wa maji, kumkausha kwa chumvi, au kumvuruga ukuaji. Kila kimiminika mtakachojaribu kinapita katika mojawapo ya njia hizo, na hapo ndipo nadharia tete yenu inapoanzia.

Kuna onyesho dogo la kufanya siku hiyohiyo. Laza sindano kavu ya kushonea juu ya maji safi kwenye bakuli, taratibu, ukiitanguliza juu ya kipande cha karatasi laini. Karatasi italowa na kuzama, sindano itabaki juu, ijapokuwa chuma ni kizito kuliko maji. Uso wa maji una mvutano unaoibeba. Sasa dondosha tone moja la sabuni ya maji kwenye ukingo wa bakuli. Sindano inazama papo hapo. Kiluwiluwi anayening'inia kwa ncha ya mrija wake anategemea mvutano huohuo.

Sasa kuwapata. Walimu wengine hutega ndoo ya maji chini ya mti na kungoja mbu watage. Sikubaliani na njia hiyo: shule haipaswi kuzalisha mbu. Wavueni waliopo. Tairi kuukuu nyuma ya gereji, pipa lisilo na mfuniko, sahani ya chungu cha maua na kifuu kilichojaa mvua ni mazalia ya kawaida ya Aedes. Madimbwi ya maji maangavu yanayopigwa na jua na majaruba ya mpunga ni ya Anofelesi. Maji machafu ya mashimo ya choo ni ya Culex, na huko wanafunzi wasiende. Sogeeni bila kuangusha kivuli juu ya maji, tumbukizeni upawa kwa haraka, kisha mimineni kwenye ndoo yenye mfuniko wa kitambaa cha chandarua. Chukueni pia lita kadhaa za maji ya hapohapo walipokuwa. Mkimaliza, mwageni maji yote yaliyobaki, na tairi ligeuzwe au litobolewe.

Maji ya kufanyia jaribio yasiwe ya bomba yaliyotoka kufunguliwa sasa hivi, maana yanaweza kuwa na klorini. Yaacheni wazi kwenye ndoo usiku kucha, au tumieni maji ya mvua. Wapeni viluwiluwi saa chache wayazoee kabla ya kuanza.

Sasa vikombe. Shirika la Afya Duniani lina utaratibu wake wa kupima dawa za viluwiluwi: viluwiluwi 25 kwa kikombe, mililita 100 hadi 200 za maji, vikombe vinne kwa kila kipimo, na kuhesabu waliokufa baada ya saa 24. Shuleni mnaweza kupunguza hadi viluwiluwi 20 na vikombe vitatu kwa kila kimiminika, ila msishuke zaidi ya hapo. Kikombe kimoja hakithibitishi kitu. Huenda kilikaa juani, huenda walioingia humo walikuwa wagonjwa, huenda aliyewahamisha aliwabana. Vikombe vitatu vikikubaliana, mna neno la kusema.

Chagueni viluwiluwi wanaolingana ukubwa, wa milimita 4 hadi 6. Wadogo sana hufa kwa sababu zisizohusiana na dawa, na wakubwa kupita kiasi watageuka pupa kabla hamjamaliza. Pupa mtamjua kwa umbo: amejikunja mithili ya alama ya mkato, hali chochote, na baada ya siku mbili hivi anatoka mbu mzima. Watoeni pupa wote tangu mwanzo. Kwa kuhamisha, tumieni dropa iliyokatwa ncha ili tundu liwe pana, na maji yanayoingia nao yawe machache, yasizimue dawa. Kila kikombe kifunikwe kwa kipande cha chandarua kilichobanwa na mpira, bila kusahau hata kimoja.

Kikombe cha kwanza kupangwa mezani kiwe cha maji matupu. Kipate viluwiluwi 20 walewale, mililita zilezile, kivuli kilekile, chandarua kilekile, ila kisiwekwe kitu. Kwa maoni yangu ndicho kikombe chenye thamani kuliko vyote mezani, na mwanafunzi akikielewa hicho tu kwa mwaka mzima, amejifunza sayansi. Bila hicho, kila kifo mtakachokiona kinaweza kuwa kimesababishwa na joto, njaa, msongamano au mikono yenu.

Vimiminika vitatu vinatosha. Ningechagua sabuni, mafuta ya kupikia na maji ya chumvi, kwa kuwa kila kimoja kinaua kwa njia yake, na tofauti hizo ndizo zenye elimu.

Sabuni ni rahisi kupima. Changanyeni mililita 10 za sabuni ya maji na mililita 990 za maji, mpate myeyusho wa asilimia 1. Mililita 10 za huo ndani ya mililita 90 za maji ni asilimia 0.1, na mkirudia mara nyingine mnapata asilimia 0.01. Bomba la sindano lisilo na sindano, la kutoka duka la dawa, linapima vizuri kuliko kijiko chochote. Msitumie kipimo kimoja tu. Mkimwaga sabuni nyingi wote watakufa, na mtakuwa hamjajua kitu zaidi ya kwamba sabuni nyingi inaua. Thamani iko katikati, pale ambapo baadhi wanakufa na baadhi wanabaki. Angalieni pia wanavyokufa: wanapanda, wanajaribu kuning'inia, wanateleza chini, wanapanda tena kwa kujinyonganyonga, na kila safari inakuwa nzito kuliko iliyotangulia.

Mafuta yana fumbo linalowapiga chenga wengi. Wanafunzi huandika “mafuta asilimia 2” kama walivyoandika kwa sabuni. Lakini mafuta hayachanganyiki na maji, yanakaa juu. Kinachohesabika ni eneo la uso yaliyolifunika, wala si ujazo wa maji yaliyo chini. Kikombe chenye kipenyo cha sentimita 7 kina uso wa sentimita za mraba 38 na nusu hivi. Mililita 1 ya mafuta ikitandazwa sawasawa juu yake ingekuwa tabaka la unene wa takriban robo ya milimita. Mkiyahamishia mafuta yaleyale kwenye beseni pana, hayatafunika vizuri, hata kama maji ni mililita zilezile. Kwa hiyo sabuni na chumvi pimeni kwa lita, mafuta pimeni kwa eneo, na mwandike hivyo kwenye daftari. Kuna na hili: mafuta ya kupikia mara nyingi hayatandi sawasawa, hukusanyika kwenye matone mapana yenye nafasi katikati, na kiluwiluwi akiipata nafasi moja anapumua. Kadirieni ni sehemu gani ya uso imefunikwa, chukueni picha kwa simu kutoka juu, na msishangae kikombe chenye mafuta mengi kikawa na walio hai wengi kuliko mlivyotarajia.

Je, mafuta yanaua kwa kuziba pumzi au kwa sumu iliyomo? Hapa kuna jaribio la ziada ninalolipenda sana, na asili yake iko Zanzibar. Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Makunduchi, watafiti walimwaga chembe za plastiki nyeupe nyepesi, zile za kufungashia televisheni na friji, kwenye mashimo ya choo yenye maji. Chembe hazina sumu yoyote. Zilielea tu, zikatanda tabaka juu ya maji, na Culex wakashindwa kupumua na kutaga. Kazi hiyo iliambatana na ugawaji wa dawa za matende kwa wananchi. Nanyi mnaweza kufikicha kipande cha plastiki hiyo mpate chembe, mzijaze juu ya kikombe hadi tabaka lifike kama sentimita moja, na kukiweka kando ya kikombe cha mafuta. Wakifa kwa mwendo unaofanana, kukosa hewa kunatosha kueleza kinachotokea. Wakifa upesi zaidi kwenye mafuta, kuna jambo jingine ndani ya mafuta, na hilo ni swali jipya la kufuatilia.

Chumvi sitaikalia sana. Andaeni gramu 5, 10, 20 na 35 kwa lita moja ya maji. Hiyo ya mwisho inakaribia chumvi ya bahari. Viluwiluwi wengi wa maji baridi hupoteza maji ya mwili kwa osmosisi chumvi inapozidi ile ya miili yao. Lakini shule za pwani ziwe macho. Katika ukanda wetu wa Afrika Mashariki yuko Anopheles merus, ndugu wa mbu maarufu wa malaria, ambaye amezoea kuzaliana kwenye maji ya chumvichumvi karibu na mikoko. Kundi la Tanga lililovua viluwiluwi kando ya bahari linaweza kupata majibu tofauti kabisa na kundi la Dodoma, na yote mawili yakawa sahihi. Ndiyo maana daftari lazima liseme viluwiluwi walitoka wapi.

Wengi watataka kujaribu mwarobaini. Sawa, lakini mjue mnaingia kwenye kazi ndefu. Viambata vya mwarobaini huvuruga ukuaji na kujivua gamba, kwa hiyo baada ya saa moja mnaweza kuona hakuna kilichobadilika na mkaandika kwamba haufanyi kazi. Pimeni kwa siku kadhaa, mkiwalisha chembe kidogo sana ya hamira kila siku. Tena majani yaliyotwangwa huoza, na kuoza kunakula oksijeni ya majini. Hivyo maji matupu peke yake hayatoshi kuwa ulinganisho. Wekeni na vikombe vya majani ya mwembe yaliyotwangwa kwa uzito uleule. Nimeona kazi nyingi za mwarobaini, na hicho kikombe cha mwembe huwa hakipo.

Mafuta ya taa na dawa za kunyunyizia mashamba visikanyage darasani. Mafuta ya taa yana historia ndefu katika vita dhidi ya mbu. Baada ya Ronald Ross kuthibitisha nchini India mwaka 1897 kwamba mbu anahusika na malaria, kumwagia mafuta madimbwi kukawa silaha ya kawaida, na wajenzi wa Mfereji wa Panama waliitumia sana. Lakini yanawaka, yana mvuke mbaya, na mafuta ya kupikia yanafundisha somo hilohilo.

Kabla ya kuanza kuhesabu, kubalianeni nini maana ya “amekufa”. Kiluwiluwi aliyetulia chini anaweza kuwa amejificha tu. Mguseni taratibu kwa ncha ya kijiti karibu na shingo au mkia. Asipojongea kabisa, amekufa. Anayetikisika lakini hawezi kupanda juu ya maji, utaratibu wa Shirika la Afya Duniani unamhesabu pamoja na waliokufa. Nanyi chagueni, mwandike, na msibadilishe kanuni katikati ya kazi. Hesabuni baada ya dakika 5, 15, 30 na 60, kisha saa 3, kisha saa 24. Vikombe vipewe herufi badala ya majina, na anayehesabu asiwe yule aliyemimina. Mafuta yataonekana kwa macho, ndiyo, lakini maji ya chumvi na maji matupu hayatofautiani, na jicho linalotamani kuona kifo hukiona. Vichanganyeni pia mezani, vya sabuni visiwe vyote upande wa dirisha. Joto la nyuzi 25 hadi 28 linafaa.

Itatokea siku mwanafunzi aje mbio: “Mwalimu, mbona hata wa maji matupu wamekufa?” Usimwambie afute. Mwulize wangapi. Kama waliokufa kwenye maji matupu hawazidi asilimia 5, endeleeni. Wakiwa kati ya asilimia 5 na 20, kuna hesabu ya kurekebisha ambayo mtaalamu wa wadudu wa Marekani, W. S. Abbott, aliichapisha mwaka 1925. Chukua asilimia ya waliokufa kwenye dawa, toa asilimia ya waliokufa kwenye maji matupu, kisha gawanya kwa 100 iliyotolewa asilimia hiyohiyo ya maji matupu, na zidisha kwa 100. Tuseme sabuni iliua asilimia 70 na maji matupu yakaua 10: 70 toa 10 ni 60, 60 gawanya kwa 90, mara 100, unapata kama 67. Hiyo 67 ndiyo kazi ya sabuni. Wakizidi asilimia 20 kwenye maji matupu, jaribio zima limeharibika na lazima lirudiwe. Wanafunzi wanalipokea hilo kwa huzuni, lakini ndivyo kazi hii inavyofanywa na watu wazima wanaoheshimu takwimu zao.

Usafishaji ufanyike kabla ya kengele. Maji ya vikombe vya maji matupu na vya chumvi kidogo yamwagwe juu ya ardhi kavu inayopigwa na jua. Kiluwiluwi hadumu pasipo maji. Yasimwagwe mtaroni wala kwenye kisima. Mafuta yanyonywe kwa mchanga au maranda ya mbao kwanza. Yeyote aliyegeuka pupa aanze kumwagwa yeye, kwa kuwa ndiye mwenye haraka. Mikono ioshwe kwa sabuni, na vikombe hivyo visirudi jikoni.

Linabaki swali ambalo jaji mzuri, awe kwenye maonyesho ya Young Scientists Tanzania au ya sayansi na uhandisi kule Kenya, atawauliza: je, twende tukamwage sabuni kwenye madimbwi? Jibuni kwa hesabu. Dimbwi la mita 10 kwa 5 lenye kina cha sentimita 20 lina mita za ujazo 10, yaani lita 10,000. Kufikia asilimia 0.1 kunahitaji lita 10 za sabuni kwa dimbwi moja, na mvua ya kesho itaizimua. Samaki wadogo, vyura na wadudu wanaokula viluwiluwi nao wanaumia. Ndiyo maana kiwanda cha viuadudu cha Kibaha, kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba, kinatengeneza bidhaa za bakteria: viluwiluwi wanazila pamoja na chakula chao, na sumu yake inafanya kazi ndani ya utumbo wao huku ikiwaacha samaki salama. Kundi lenye hamu ya kuendelea mwaka ujao lianzie hapo: vikombe vilevile, ila ndani ya kila kimoja, pamoja na viluwiluwi 20, kuwe na kiumbe mmoja wa dimbwi ambaye hatutaki afe, na naye ahesabiwe.